Skrini Imewaka Lakini Picha Haiji: Kutafuta Hitilafu kwenye Skrini za Mikrokontrola

Skrini ndogo uliyoiunganisha na mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja, kama iliyo kwenye Arduino au ESP32) ikigoma, wengi wetu hukimbilia kubadilisha maktaba ya programu au kununua moduli nyingine. Huko ni kubahatisha, na hakuna haja, kwa sababu skrini iliyogoma karibu kila mara huonyesha yenyewe ilipokwama. Weupe mtupu una maana yake, na weusi mtupu una maana nyingine. Nyekundu ikitoka buluu, nyaya zako ni nzima na umeme unafika; tatizo limehamia kwenye mpangilio wa biti.

Kati ya programu yako na picha kuna hatua zinazofuatana: umeme, taa ya nyuma, riseti, mawasiliano, amri za kuiamsha skrini, kumbukumbu ya picha, na mwisho uchoraji wenyewe. Hatua moja ikikatika, zinazofuata hazifanyi kazi hata kama umeziandika vizuri namna gani. Kwa hiyo usihangaike na fonti wakati skrini haijaamka, wala usichomoe nyaya wakati picha ipo ila imepinduka.

Andaa vitu viwili kwanza. Kimoja ni multimita. Kingine ni programu fupi ya majaribio isiyo na kazi nyingine: ijaze skrini nyekundu kwa sekunde mbili, kijani sekunde mbili, buluu sekunde mbili, kisha ichore fremu nyeupe yenye unene wa pikseli moja kuzunguka kingo zote nne, na neno moja kwenye kona ya juu kushoto. Ihifadhi peke yake, mbali na mradi. Kwa skrini za rangi moja, fremu na neno vinatosha. Programu hii naithamini kuliko kifaa chochote cha maabara, na nitairudia mara kadhaa hapa chini.

Giza tupu kwenye skrini ya TFT

TFT, skrini ya rangi ya aina ya LCD, haitoi mwanga wake yenyewe. Inachuja mwanga wa LED zilizo nyuma yake, na LED hizo zina pini yao: LED, BL au BLK. Moduli nyingine zimeiunganisha ndani kwa ndani, nyingine zinakuachia wewe. Pima volti kati ya GND na pini hiyo kwenye moduli yenyewe, si kwenye bodi ya mikrokontrola; waya wa majaribio uliokatika ndani unaonekana mzima kwa nje. Kisha zima taa za chumba na umulike skrini kwa tochi kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu, kila kitu kinafanya kazi isipokuwa taa ya nyuma.

Usiiwashe taa hiyo moja kwa moja kutoka kwenye pini ya kawaida ya mikrokontrola, hasa kwenye skrini za inchi 2.4 kwenda juu. Pini ya ATmega328P, chipu ya Arduino Uno ya kawaida, ina kikomo cha miliampia 40, na kuitumia karibu na kikomo hicho ni kuiumiza. Weka transista, au iunganishe na chanzo cha umeme kwa kipinga kinachofaa.

Giza tupu kwenye OLED

OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli hujiwakia. Giza hapa lina maana kwamba amri hazijafika, au zimefika lakini paneli haina umeme wa kuwaka. Kabla ya yote, soma mpangilio wa pini uliochapwa kwenye moduli yako. Zile za pini nne zenye kontrola (chipu inayoiendesha skrini) ya SSD1306 zinauzwa kwa mipangilio miwili, moja ikianza na GND na nyingine ikianza na VCC, na kwa macho zinafanana kabisa. Mchoro ulioupata kwa mtu mwingine unaweza kuiunguza skrini yako.

Ukiwa na uhakika wa umeme, endesha programu ya kupekua anwani za I2C, njia ya mawasiliano ya nyaya mbili: SDA ya data na SCL ya saa. SSD1306 hujibu kwenye 0x3C, au 0x3D ikibadilishwa kwa kipinga kidogo kilicholehemiwa nyuma ya ubao. Wengi hupotea hapa kwa sababu ubao wenyewe umeandikwa 0x78 au 0x7A. Hiyo ni anwani ileile ikiwa na biti ya kusoma na kuandika mwishoni. Igawanye kwa mbili upate 0x3C au 0x3D, na hiyo ndiyo maktaba nyingi zinaitaka. Upekuzi usipopata chochote, angalia kama SDA na SCL zimepishana, kama pini zimelehemiwa kweli au zimepachikwa tu, na kama kuna vipinga vya kuvuta juu (pull-up) vya kiloomu 4.7 hadi 10 kwenye nyaya zote mbili. Moduli nyingi huja navyo, si zote.

Anwani ikipatikana na giza likabaki, tazama mambo mawili. La kwanza ni volti ya paneli. Paneli ya OLED inahitaji volti kubwa kuliko 3.3, na SSD1306 huizalisha ndani yake ikipewa amri 0x8D ikifuatiwa na 0x14. Ukichagua kwenye maktaba kwamba volti hiyo inatoka nje, kontrola itapokea picha yako vizuri na isionyeshe hata nukta.

La pili ni RAM, na hili limewachosha watu wengi bila sababu. Skrini ya pikseli 128 kwa 64 inahitaji bafa (sehemu ya RAM inayoshika picha) ya baiti 1,024. Arduino Uno yenye ATmega328P ina baiti 2,048 kwa jumla. Maktaba ya Adafruit ya SSD1306 huiomba bafa hiyo programu ikiwa tayari inaendeshwa, kwa hiyo ripoti ya kikusanyaji (compiler) haiihesabu. Utaambiwa umetumia asilimia 60 ya kumbukumbu na utaamini kuna nafasi, kumbe haipo. Angalia jibu la `begin()`: likiwa si kweli, bafa haikupatikana. Hamisha maandishi yote ya kudumu kwenda flashi kwa `F()`, au tumia maktaba ya U8g2 katika hali yake ya kuchora kipande kwa kipande, ambayo kwa skrini hii hutosheka na baiti 128. Itachora polepole kidogo, lakini itachora.

Weupe mtupu

Hii ndiyo dalili inayoulizwa kuliko zote. Paneli za TFT za kawaida hupitisha mwanga zikiwa hazijaamrishwa, ndiyo maana skrini nyeupe huwa inasema: nina umeme, taa inawaka, lakini sijapokea amri ninayoielewa. Paneli za IPS, aina nyingine ya TFT, ni kinyume. Hizo zikiwa hazijaamshwa huonekana nyeusi yenye mng'ao wa kijivu. Kwa hiyo skrini ya IPS (kwa mfano yenye kontrola ya ST7789) ikiwa na weusi unaong'aa, isome hapa, si kwenye sehemu ya giza.

Anza na majina ya pini, kwa sababu ndiyo yanayopotosha zaidi. Moduli nyingi za SPI, njia nyingine ya mawasiliano yenye kasi zaidi, zimechapwa SDA na SCL, majina ambayo kila mtu anayajua kutoka I2C. Kama moduli ina pini ya CS (ya kuchagua kifaa) au ya DC, wakati mwingine ikiitwa RS au A0, hiyo ni SPI: SDA yake ni MOSI (data inayotoka kwenye mikrokontrola) na SCL yake ni SCK (saa). Upekuzi wa I2C hautaipata kamwe, na hilo si kosa la skrini.

Pini ya DC huitofautisha amri na data. Ikiwa kwenye namba tofauti na ile iliyoandikwa kwenye programu, amri zote hupokelewa kama rangi za pikseli na skrini haiamki. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa kuwa SPI haina uthibitisho wa kupokea: mikrokontrola hutuma hata kama upande wa pili hakuna kitu. Ndiyo sababu ujumbe wa "imeanzishwa" kwenye dirisha la serial hauthibitishi chochote kuhusu skrini ya SPI.

RST, pini ya riseti, haitakiwi kuachwa ikielea. Kontrola kama ILI9341 zinataka pini hiyo ishushwe kwa angalau mikrosekunde 10, kisha zipewe milisekunde 120 kabla ya amri ya kutoka usingizini, 0x11. Maktaba nzuri hufanya hivyo zenyewe, mradi uziambie pini sahihi. Ukiiunganisha RST na riseti ya bodi, andika -1 kwenye programu mahali pa namba ya pini hiyo. Kama skrini huwa nyeupe unapowasha umeme lakini huamka ukibonyeza kitufe cha riseti, bila shaka ni suala la muda: mikrokontrola imeanza kutuma kabla umeme wa skrini haujatulia. Ongeza subira ya milisekunde 200 mwanzoni mwa programu.

Kisha kuna volti za ishara. Moduli nyingi za TFT zina kirekebishaji cha umeme, kwa hiyo VCC yake hupokea volti 5 bila shida. Watu hudhani ulinzi huo unafika hadi kwenye nyaya za data. Haufiki. Kontrola yenyewe ni ya volti 3.3, na bodi ya volti 5 inayotuma moja kwa moja inaweza kuleta weupe, picha inayokuja na kutoweka, au skrini inayofanya kazi mwezi mmoja kisha ikafa. Weka chipu ya kushusha volti za ishara, 74HC4050 au 74LVC245, ikiwa imepewa volti 3.3. Vile vibadilishaji vidogo vyenye BSS138 ni vizuri kwa I2C, lakini kwa SPI ya kasi kingo za ishara hulegea na biti hupotea. Kwa upande mwingine, ukiilisha moduli yenye kirekebishaji kwa volti 3.3 tu, kirekebishaji hula sehemu yake na kontrola hubaki na njaa. Baadhi ya moduli zina sehemu iliyoandikwa J1 ya kulehemu ili kukiruka.

Kwenye ESP32 ya awali hesabu pini (GPIO) upya. GPIO 6 hadi 11 kwa kawaida ni za flashi ya programu, haziguswi. GPIO 34 hadi 39 ni za kuingiza tu, haziwezi kuendesha CS wala DC. GPIO 12 husomwa wakati wa kuwaka ili kuamua volti ya flashi, na kitu kikiivuta juu wakati huo, bodi nzima haiwaki. Kama bodi inawaka tu pale unapochomoa skrini, itazame GPIO 12 kwanza.

Bado nyeupe? Shusha kasi ya SPI hadi MHz 1. Ikiamka, ulikuwa na tatizo la nyaya au kasi, na unaweza kupanda taratibu. Isipoamka, shuku jina la kontrola. Muuzaji akiandika ILI9341, hiyo ni ahadi. Kontrola yenyewe itakupa jibu la kweli. Unganisha MISO (waya wa data inayorudi kutoka skrini), tuma amri 0xD3, na ILI9341 halisi itakujibu baiti zenye 0x93 na 0x41. Ikijibu 0x00 au 0xFF pande zote, ama MISO haijaunganishwa ama unazungumza na kontrola nyingine.

Jambo moja kuhusu moduli zenye nafasi ya kadi ya SD na kipokea mguso: hivyo viwili na skrini vinatumia njia moja ya SPI. Kabla ya kuanzisha chochote, pandisha CS za vyote vitatu ziwe juu. CS inayoelea humfanya mmoja ajibu simu isiyo yake.

Picha ipo, lakini pembeni kuna chenga au imehama

Hapa furahi. Mawasiliano yamefika, amri zinaeleweka, kilichobaki ni vipimo. Fremu ya pikseli moja ndiyo itakayokuambia ukweli: upande gani umekatwa, na kwa pikseli ngapi.

OLED ya inchi 1.3 ikionyesha picha iliyosogea pikseli mbili, na mstari wa nukta za ovyo ukingoni, ni SH1106 inayoendeshwa kama SSD1306. Kumbukumbu yake ina safu wima 132 wakati kioo kina 128, na kioo kimewekwa katikati. Zaidi ya hapo, SH1106 haina ile hali ya kuandika kumbukumbu yote mfululizo ambayo SSD1306 inayo, ndiyo maana mara nyingine hupati picha iliyosogea bali theluji skrini nzima. Badilisha jina la kontrola kwenye programu na litaisha.

Maandishi yaliyorefushwa yakiwa na mistari mitupu katikati yanatokana na kuchanganya 128 kwa 32 na 128 kwa 64. Mpangilio wa waya za ndani hutofautiana: amri 0xDA hupewa 0x02 kwa skrini fupi na 0x12 kwa ndefu. Kwenye maktaba ni suala la kuchagua ukubwa sahihi tu.

ST7735 ina hadithi ndefu zaidi. Kumbukumbu yake ni 132 kwa 162, vioo vyake ni 128 kwa 160, 128 kwa 128, au 80 kwa 160, na kila kiwanda hukiweka kioo mahali pake ndani ya kumbukumbu hiyo. Maktaba zinatofautisha matoleo kwa rangi ya kikaratasi cha kubandulia kilichokuja juu ya kioo: kijani, nyekundu, nyeusi. Rangi hiyo si ya kutegemewa. Jaribu chaguo zote kwa fremu yako na uchukue ile inayogusa kingo zote nne. Kama hakuna, hesabu pikseli zilizopotea na uziandike kama nyongeza ya safu na mistari.

ST7789 ya 240 kwa 240 nayo ina kumbukumbu ya 240 kwa 320. Mkao wa kawaida utakuwa sawa, kisha ukiizungusha picha itahama pikseli 80. Maktaba iliyoelezwa ukubwa sahihi huliongeza hilo yenyewe. Na zile zisizo na pini ya CS mara nyingi hugoma kabisa kwenye hali ya SPI namba 0. Zipe hali namba 3.

Chenga zinazobadilika kila mara, leo hapa kesho pale, si vipimo. Hizo ni ishara chafu. Fupisha nyaya zisizidi sentimita 10, hakikisha GND ya skrini imeungana na ya bodi kwa waya wake, weka kapasita ya mikrofaradi 10 pamoja na ya nanofaradi 100 karibu na VCC ya moduli, na ushushe kasi. Bredibodi ina kikomo chake. Kinachofanya kazi kwa MHz 40 kwenye ubao uliolehemiwa hakilazimiki kufanya kazi hapo.

Rangi si zenyewe

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa majaribio ya sekunde sita yanatoa jibu lisilo na shaka. Usijaribu kutambua kosa kwa kutazama picha ya uso au nembo. Tazama rangi tatu safi, na zaidi ya zote itazame kijani.

Nyekundu ikitoka buluu, buluu ikatoka nyekundu, na kijani kikabaki kijani, mpangilio wa RGB na BGR umepishana. Unarekebishwa kwenye amri 0x36, biti yenye thamani 0x08, au kwa mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ya maktaba.

Nyekundu ikitoka buluu, lakini kijani kikatoka nyekundu na buluu ikatoka kijani, baiti mbili za kila pikseli zimebadilishana nafasi. Hesabu yake ni hii. Katika rangi za biti 16, nyekundu ina biti 5, kijani 6, buluu 5, hivyo nyekundu safi ni 0xF800. Skrini inataka baiti ya juu itangulie, ila ESP32, STM32 na RP2040 huhifadhi ya chini kwanza. Ukituma kumbukumbu kama ilivyo, 0xF800 hufika kama 0x00F8, ambayo ni buluu. Kijani, 0x07E0, hufika kama 0xE007, ambayo ni nyekundu iliyokolea. Buluu, 0x001F, hufika kama 0x1F00, ambayo ni kijani. Kwenye LVGL, maktaba ya kujenga violesura vya skrini, toleo la 8 kulikuwa na `LV_COLOR_16_SWAP`; katika toleo la 9 imeondolewa, na sasa unazipindua baiti ndani ya kazi ya kutuma kwa `lv_draw_sw_rgb565_swap`. Waliohama toleo bila kulijua hilo ndio wanaokutana sana na dalili hii.

Nyeusi ikitoka nyeupe, nyekundu ikatoka samawati na buluu ikatoka njano, rangi zimegeuzwa kinyume. Amri 0x21 huwasha ugeuzaji na 0x20 huuzima. Paneli nyingi za IPS zinauhitaji uwe umewashwa ndipo ziwe sahihi.

Makosa mawili yanaweza kukaa pamoja, na hapo watu huchanganyikiwa. Rekebisha ugeuzaji kwanza, hadi nyeupe iwe nyeupe na nyeusi iwe nyeusi, kwa sababu rangi hizo mbili haziguswi na makosa mengine. Kisha baiti, kwa kukitazama kijani. RGB na BGR iwe ya mwisho.

Kuna skrini moja inayovunja utaratibu huu: ILI9488 kwa SPI. Hiyo haipokei pikseli za biti 16 kwenye SPI. Inataka baiti tatu kwa kila pikseli. Ukiiendesha kwa dereva wa ILI9341 utapata rangi za ovyo na picha iliyobanwa, na hakuna kubadilisha biti kutakakosaidia.

Inapepesa, au inachora kwa uvivu

Piga hesabu kabla ya kulaumu programu. Skrini ya 240 kwa 320 kwa biti 16 ni baiti 153,600, yaani biti 1,228,800. Uno hiyo ya ATmega328P kwa kasi yake ya juu ya SPI, MHz 8, inahitaji zaidi ya milisekunde 150 kuijaza mara moja, bila kuhesabu muda wa kufikiri. Kwa MHz 40 ni kama milisekunde 31. ILI9488 yenye 320 kwa 480 na baiti tatu hula milisekunde 92 hata kwa MHz 40. Namba hizi ni ukuta. Huwezi kuupita kwa msimbo mzuri. OLED ya I2C nayo ina ukuta wake: baiti 1,024 kwa kHz 100 ni kama milisekunde 92, kwa kHz 400 ni kama 23. Maktaba ikiwa imebaki kHz 100, ipandishe.

Ila mara nyingi kupepesa kunaletwa na tabia moja tu: kufuta skrini nzima kila mara ndipo kuchora upya. Jicho linaona ule wakati wa weusi. Futa na uchore sehemu iliyobadilika peke yake. Kwa maandishi, yape rangi ya mandharinyuma ili herufi mpya ifute ya zamani palepale. Kwenye Adafruit GFX ni `setTextColor` yenye rangi mbili. Tahadhari: njia hiyo hufanya kazi kwa fonti ya asili ya maktaba tu, fonti za ziada hazichori mandharinyuma. Kwa hizo, chora kwanza kwenye bafa ndogo ya kumbukumbu, kisha itume yote kwa mkupuo. Na tuma pale tu thamani inapobadilika. Joto halibadiliki mara 50 kwa sekunde.

Ukitumia DMA (data ikisafirishwa yenyewe bila kuishughulisha CPU) na picha ikatoka imechanika vipande vilivyochanganyika na fremu inayofuata, unaandika juu ya bafa ambayo bado inasafirishwa. Tumia bafa mbili kwa zamu, na usubiri ishara ya kumaliza. Kwa LVGL si lazima bafa iwe ya skrini nzima. Sehemu moja ya kumi, baiti 15,360 kwa skrini hii, inatosha vizuri. Mstari mmoja unaokata picha inayotembea ni jambo jingine: skrini inajisoma huku wewe unaandika. Kama moduli yako imetoa pini ya TE, ambayo hukujulisha skrini inapojisoma, isubiri kabla ya kutuma. Nyingi za bei nafuu hazijaitoa.

Karatasi ya kielektroniki iachwe nje ya mjadala huu. Kumweka kwake nyeusi na nyeupe wakati wa kubadilisha picha yote ndivyo ilivyoundwa, na ukiruka hatua hiyo mara nyingi mfululizo kivuli cha picha ya zamani kitabaki. Ikiganda bila kumaliza, kagua pini ya BUSY.

Herufi za ajabu na tarakimu zisizoondoka

Thamani ikishuka kutoka 100 hadi 99 na skrini ikasoma 990, sifuri ni ya zamani. Andika namba kwa upana usiobadilika, ukijaza nafasi tupu.

Alama ya nyuzi joto ikitangulizwa na kialama usichokiandika, kihariri chako kimehifadhi maandishi kwa UTF-8, ambamo alama hiyo ni baiti mbili, na maktaba inachora kila baiti kama herufi kamili. Kiswahili chetu kinapita salama karibu chote, isipokuwa ng' ya ng'ombe: ukinakili kutoka simu, kile kikoma cha juu huwa cha kupinda chenye baiti tatu, na skrini itachora takataka tatu. Andika kile kilichonyooka. Kwa alama ya nyuzi, U8g2 ina `enableUTF8Print`, na fonti ya asili ya Adafruit GFX huiweka kwenye namba 247.

Mguso unajibu mahali pengine

XPT2046, chipu ya kusoma mguso, inatoa namba ghafi za biti 12, si pikseli. Lazima uzipime kwenye pembe. Ukigusa kushoto ikajibu kulia, geuza mhimili wa X. Ukisogeza kidole kwa mlalo nukta ikapanda wima, X na Y zimepishana, na mara nyingi ni kwa sababu umeizungusha picha bila kuuzungusha mguso. Namba zikirukaruka, shusha kasi ya SPI ya mguso hadi MHz 2.5 au chini, hata kama skrini yenyewe inakwenda 40.

Inafanya kazi vizuri, kisha inaganda

Tofautisha kwanza: imeganda skrini, au imeganda programu? Fanya LED ya bodi iwake na kuzimika ndani ya mzunguko mkuu. LED ikiendelea huku skrini imesimama, programu ni hai.

Skrini ikigeuka nyeupe au kuchafuka pale relei au mota inapowaka, umeme umeyumba kiasi cha kuiriseti kontrola ya skrini bila kuiriseti mikrokontrola. Programu inaendelea kutuma picha kwa skrini iliyolala. Tenganisha umeme wa mota, weka diodi kwenye koili ya relei, na kapasita kubwa karibu na skrini. Kwenye ESP32, Wi-Fi inapoanza kutuma huvuta mkondo kwa vishindo. Chanzo cha 3.3 kiwe na uwezo wa miliampia 500 au zaidi, na hiyo ni kabla ya kuongeza taa ya nyuma. Ukiona "Brownout detector was triggered" kwenye serial, usitafute kosa kwenye msimbo.

LVGL ikisimama ghafla, kuna maswali matatu. Je, kazi yako ya kutuma inaita `lv_display_flush_ready` kila mara, hata inapotuma kipande kidogo? Isipoitwa, LVGL husubiri milele. Je, saa yake inasonga? Na je, kuna kazi mbili za FreeRTOS (mfumo unaoendesha kazi kadhaa kwa zamu) zinazogusa vitu vya skrini kwa wakati mmoja? LVGL haijajengwa kuhimili hilo. Zungushia kufuli, au uache kazi moja tu iguse skrini na nyingine zitume ujumbe kwake.

I2C inayoganda inahitaji tiba yake. Mikrokontrola ikirisetiwa katikati ya mazungumzo, kifaa cha upande wa pili kinaweza kubaki kimeshikilia SDA chini, kikisubiri mapigo ya saa yaliyokatizwa. Hapo hata kubonyeza riseti hakusaidii; kuchomoa umeme ndiko kunakosaidia, na hiyo ndiyo alama yake. Pima SDA: ikiwa chini wakati hakuna anayezungumza, umeipata. Kabla ya kuanzisha I2C, igeuze SCL iwe pini ya kawaida, itoe mapigo 9, toa ishara ya kusimamisha, ndipo uanze upya. Kisha itume tena milolongo yote ya kuiamsha skrini, si picha peke yake, kwa kuwa hujui ilibaki katika hali gani.